Maisha ya Sheikh Ibn Battuta na Afya ya Msafiri

Kuzaliwa kwake

Sheikh Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah, ajulikanaye ulimwenguni kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa katika mji wa Tangier, nchi ya Moroko, mwezi 17 Rajabu mwaka 703 wa Hijria, yaani tarehe 25 Februari 1304. Kabila lao lilikuwa Lawata, katika Maberiberi, na wengi wa watu wa nyumba yao walikuwa wanavyuoni na makadhi wa madhehebu ya Imam Malik. Naye alisomeshwa elimu hiyo hiyo ya sharia, nayo ndiyo iliyompatia heshima na riziki karibu kila alikokwenda.

Watu wengi wanamjua kwa urefu wa safari zake, kwani kwa muda wa karibu miaka 30 alitembea nchi za Waislamu toka Magharibi hata Bara Hindi na visiwa vyake, na akaeleza pia habari za China. Lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyu aliugua mara nyingi njiani, na zaidi ya mara moja alikaribia kufa: mara kwa homa, mara kwa njaa na kiu, na mara kwa chakula alichokila kwa mkono wake mwenyewe. Habari hizo alizieleza bila ya kuona haya, na ndani yake mna mafunzo kwa kila aendaye safari na kwa kila apokeaye mgeni.

Homa ya kwanza

Aliondoka kwao siku ya Alhamisi, mwezi 2 Rajabu 725 (14 Juni 1325), umri wake miaka 21, kwa nia ya kuhiji Makka na kuzuru Madina. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na kuagana nao kulimhuzunisha sana. Alitoka peke yake, hana mwenzi wa kumliwaza wala msafara wa kufuatana nao.

Baada ya kupata wenzi wa njiani, alifika Bijaya, mji ulioko pwani ya nchi ya Aljeria ya leo, na hapo homa ikamshika. Mmoja katika wenzake alimshauri akae mpaka apone. Yeye akakataa, akasema kwamba ikiwa ameandikiwa kufa, basi na afe njiani hali ameelekea Hijazi. Yule bwana alipoona ameshikilia, alimshauri auze mnyama wake na mizigo yake mizito, naye atamwazima mnyama na hema, ili wapate kwenda upesi, maana njia ilikuwa na wanyang'anyi.

Walipofika nje ya mji wa Constantine walinyeshewa mvua kubwa usiku kucha. Asubuhi yake mtawala wa mji alimwona kijana huyu nguo zake zimechafuka, akaamuru zifuliwe. Na kwa kuwa shuka yake ya ihramu ilikuwa imechakaa, alimpa nyingine nzuri, na katika ncha yake alifunga dinari 2 za dhahabu. Hiyo ndiyo sadaka ya kwanza aliyoipata katika safari yake.

Homa ikamrudia tena njiani, naye akawa dhaifu hata akajifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya tandiko la mnyama wake asije akaanguka. Alipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki wasafiri, kila mmoja akimsalimu amjuaye. Ibn Battuta hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na amjuaye, akalia machozi. Haji mmoja alimwona katika hali ile, akamwendea, akamsalimu, akawa akimliwaza kwa maneno mema mpaka wakaingia mjini.

Ukarimu wa watu wa Misri na Sham

Mwaka 1326 alipita Misri, akaziona zawia za Cairo walimokaa mafakiri na wageni. Kila asubuhi mtumishi wa zawia aliwapitia, akamwuliza kila mmoja anataka kula nini. Na walipokusanyika kula, kila mtu aliwekewa mkate wake na mchuzi wake katika chombo chake peke yake, wala hakushirikiana na mwenziwe. Desturi hiyo ilikuwa ya heshima, na faida yake kwa afya ni dhahiri, hasa mahali walalapo watu waliotoka nchi mbalimbali.

Aliingia Damascus mwezi 9 Ramadhani 726 (9 Agosti 1326). Mwalimu mmoja wa madhehebu ya Maliki, Sheikh Nuruddin As-Sakhawi, alimtaka awe akifuturu kwake. Akaenda siku nne, kisha homa ikamshika, asiende tena. Sheikh alimtuma mtu kumtafuta. Ibn Battuta akatoa udhuru wa maradhi, lakini udhuru wake haukukubaliwa. Akaenda akalala huko, na asubuhi alipotaka kuondoka, sheikh alimzuia, akamwambia aihesabu nyumba ile kuwa ni nyumba yake mwenyewe, au ya baba yake, au ya ndugu yake. Kisha akamwita tabibu, akaamrisha kwamba kila dawa na kila chakula atakachokiagiza tabibu kitengenezwe humo humo nyumbani. Mgonjwa alikaa hivyo mpaka siku ya Idi, akaenda kuswali hali amekwisha kupona. Masurufu yake yalikuwa yamekwisha. Sheikh akamkodia ngamia, akampa chakula cha njiani, na akamzidishia fedha kwa haja itakayomzukia.

Katika mji huo huo aliona wakfu za namna nyingi: wakfu wa kuwapa wasafiri chakula na nguo na masurufu ya kuwafikisha kwao, na wakfu wa kutengeneza njia. Siku moja alimwona kijana mtumwa ameanguka na sahani ya Kichina, ikavunjika. Watu walimwambia akusanye vigae vyake ampelekee msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akaenda, akapewa thamani ya sahani, asipate kupigwa na bwana wake. Mji uliojali hata moyo wa mtumwa aliyevunja sahani haukushindwa kumjali mgeni mwenye homa.

Maji na dawa katika njia ya haji

Msafara wa Sham ulipokwenda Madina ulikaa Tabuk siku nne, kwa kuwanywesha ngamia na kuchukua maji ya jangwa kubwa lililokuwa mbele. Wachukuzi wa maji walikuwa na mabirika makubwa ya ngozi za nyati. Kila tajiri alikuwa na birika lake, na wengine waliwalipa wachukuzi wajaziwe viriba vyao. Hapo Ibn Battuta alisikia habari ya bonde la Ukhaydir, ambako mwaka mmoja upepo wa samumu uliwapata mahujaji, maji yakakauka, hata bei ya maji ya kunywa mara moja ikafika dinari 1,000. Na aliyeuza na aliyenunua wakafa wote wawili.

Baada ya haji yake ya kwanza, alifuatana na msafara wa Iraki. Msafara huo ulichukua ngamia wa maji kwa ajili ya maskini, na ngamia wengine wa chakula cha sadaka, na dawa na sukari kwa watakaougua. Ulichukua pia masufuria makubwa ya shaba, wakapikiwa humo wasiokuwa na chakula. Na aliyeshindwa kutembea alipandishwa juu ya ngamia. Gharama zake zilikuwa za Sultani Abu Said wa Iraki.

Mwaka 1327, alipokuwa akirudi Makka kutoka Iraki, Ibn Battuta mwenyewe alipata ugonjwa wa kuharisha. Kwa siku moja ilibidi ashushwe juu ya ngamia mara nyingi. Amiri wa msafara aliulizia hali yake, akaagiza atunzwe. Aliingia Makka hana nguvu, akaswali hali ameketi, akatufu na kusai juu ya farasi wa amiri, na nafuu yake akaipata Mina. Lau angalikuwa katika msafara usio na maji wala usio na mtu wa kuuliza habari za mgonjwa, huenda dunia isingalimsikia tena.

Leo mafundisho ya matabibu juu ya maradhi haya ni wazi: kinachoua upesi ni kupungukiwa na maji mwilini. Mgonjwa hupewa maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vipimo hivyo vikiwa sawa bila ya kuchungulia, akanywa kidogo kidogo kila mara. Msafara ule ulikuwa na maji na sukari, kabla ya jambo hilo kujulikana kwa hesabu yake.

Safari yake katika pwani yetu

Mwaka 1331 alishuka pwani ya Afrika ya Mashariki. Mji wa Zayla aliuona mkubwa wenye biashara, lakini harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani ilimchukiza, hata akachagua kulala chomboni baharini, ingawa bahari ilikuwa imechafuka, kuliko kulala mjini.

Mogadishu alipokewa kwa tambuu na popoo, akaletewa chakula cha wageni: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na ya vishada vya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Aliusifu ukarimu wa watu wale, lakini hakuficha kwamba mtu mmoja wao alikula chakula cha jamaa wengi, na kwamba miili yao ilikuwa minene mno. Dini yakataza israfu katika kula na kunywa, nayo karamu huwa mtihani kwa msafiri kama njaa ilivyo mtihani.

Mombasa alilala usiku mmoja. Aliona ndizi na ndimu kwa wingi, na akaandika kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka bara ya pwani. Aliona pia kwamba penye milango ya misikiti pana visima, na mtu atakaye kuingia huosha miguu kwanza. Kutoka hapo akaenda Kilwa, akamsifu Sultani Abul-Mawahib kwa ukarimu wake kwa wageni na mafakiri.

Njaa na kiu katika Bara Hindi

Alifika mto Indus mwaka 1333, akawa kadhi Delhi. Mwaka 1342 Sultani Muhammad bin Tughluq alimtuma ujumbe kwa mfalme wa China. Karibu na Koil akatekwa na maadui, akanusurika kuuawa, akabaki peke yake porini. Kwa siku kadhaa alikula matunda ya mkunazi na majani ya mboga. Siku ya nane akafika penye kisima chenye kamba, hakina ndoo. Akafunga kitambaa cha kichwani mwake, akanyonya maji yaliyoshika kitambaani, kiu isikatike. Akafunga kiatu chake, akateka kwa hicho. Mara ya pili kamba ikakatika na kiatu kikaanguka kisimani. Akakifunga kiatu cha pili, akanywa hata kiu ikamtoka.

Wakati huo akatokea mtu aliyechukua gudulia, fimbo na mkoba, akamsalimu kwa salamu ya Kiislamu. Akampa dengu na mchele kidogo, akamtekea maji. Na alipoona mgeni hawezi kutembea, akambeba mgongoni. Ibn Battuta akapitiwa na usingizi, na alipozinduka alijiona katika kijiji cha watu watakaomsaidia, na yule mtu hayupo. Aliyekuwa mjumbe wa sultani, mwenye zawadi za wafalme, aliokolewa kwa konzi ya dengu.

Alikuwa kadhi katika visiwa vya Maldives pia, akashikwa na homa iliyompata kila mgeni wa huko. Baadaye, katika nchi ya Ma'bar, kusini ya Bara Hindi, alifika mji wenye maradhi yaliyoua watu kwa siku mbili au tatu. Alipougua na kudhani kwamba amekufa, alichukua ukwaju kadiri ya ratili moja, akautia majini, akanywa. Tumbo likamwenda siku tatu, kisha akapona. Alishukuru kwa kupona kwake. Lakini asomaye leo asiifanye kuwa dawa ya kila homa. Homa impatayo msafiri wa nchi za joto yataka apimwe damu siku hiyo hiyo, maana huenda ikawa malaria, nayo ina dawa yake.

Tauni, na kifo cha mama yake

Mwaka 1348 alipokuwa akirudi kwao, alikutana na tauni kubwa katika nchi za Sham na Misri. Huko Damascus watu walifunga siku tatu, na masoko yakakatazwa kupika chakula mchana. Kisha wakatoka kwa miguu mitupu, Waislamu na Wayahudi na Wakristo, kila watu na kitabu chao, wakimwomba Mungu. Zama hizo hapana aliyejua sababu ya tauni. Mdudu wake aligunduliwa mwaka 1894 huko Hong Kong na tabibu Alexandre Yersin, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto vya panya ndivyo viichukuavyo.

Ibn Battuta alipita katika miji hiyo, asipatwe. Alipofika Taza, katika nchi yake ya Moroko, mwaka 1349, aliambiwa kwamba mama yake amekufa kwa tauni hiyo hiyo. Baba yake alikuwa amekwisha kufa miaka mingi nyuma. Aliyeepuka mauti katika nchi za watu, mauti yalikuwa yamemtangulia nyumbani kwao.

Chakula cha Mali

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya kuvuka Sahara, mwaka 1352. Baada ya siku 25 kutoka Sijilmasa alifika Taghaza, penye machimbo ya chumvi, ambapo hata nyumba zilijengwa kwa mawe ya chumvi na maji yake yalikuwa ya chumvichumvi. Mbele yake palikuwa na mwendo wa siku 10 usio na maji isipokuwa kwa nadra. Katika nchi ya Mali aliona kwamba msafiri hana haja ya kuchukua chakula kingi. Achukue chumvi, ushanga na vitu vya manukato, na kila kijijini wanawake watamletea mtama, maziwa, kuku na unga wa kunde, anunue atakacho.

Siku 10 baada ya kufika mji mkuu, yeye na wenzake, jumla yao watu 6, walikula ugali wa kiazi fulani ambacho wenyeji walikipenda kuliko vyakula vyote. Asubuhi yake wote walikuwa wagonjwa, na mmoja akafa. Ibn Battuta alikwenda kuswali alfajiri, akazimia msikitini. Mtu mmoja wa Misri akamtengenezea dawa ya mizizi iliyochanganywa na sukari na anisi. Akatapika alichokula, akaokoka, lakini akakaa mgonjwa miezi miwili.

Wapikao muhogo mchungu watafahamu upesi. Kuna aina za viazi vikuu pia zenye sumu, isiyotoka ila kwa kulowekwa na kupikwa sana. Mwenyeji ajua mapishi yake. Mgeni hajui, naye hula kwa kumwamini aliyempa. Kwa hiyo mwenye kupika ana amana kubwa kuliko mwenye kula.

Kitabu chake na kufa kwake

Kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Moroko, Ibn Battuta alimsomea habari zake mwandishi Ibn Juzayy, na kitabu kikamalizika mwezi wa Desemba 1355. Wanavyuoni wa leo wameona kwamba baadhi ya sifa za miji zilichukuliwa katika kitabu cha Ibn Jubayr aliyemtangulia, na wengine wana shaka juu ya safari zake chache, kama ya China. Hata hivyo kitabu hicho ni hazina, na kwa habari za pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ile hakuna shahidi aliye mfano wake. Baada ya hapo alikuwa kadhi katika mji mmoja wa Moroko, na husemwa kwamba alikufa mwaka 770 wa Hijria, yaani 1368 au 1369. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwenye kuyatazama maisha haya ataona kwamba msafiri hodari namna hii hakuokoka kwa uhodari wake peke yake. Kila alipoanguka palikuwa na mtu: mtawala aliyeamuru nguo zake zifuliwe, sheikh aliyemwita tabibu, amiri aliyeuliza hali yake, mpita njia mwenye dengu, na Mmisri mwenye dawa. Msafiri naye ana wajibu wake: asikatae ushauri wa kupumzika kwa sababu ya ujana, asinywe maji asiyoyajua bila ya kuyachemsha, asile kilicholala wala kisichoiva, wala asizidishe kwa kuwa ameandaliwa, na akiugua katika Ramadhani, sharia imekwisha mpa ruhusa ya kufungua na kulipa.

Lakini wajibu ulio mkubwa ni wa wenye mji. Wageni washukao katika miji yetu, wenye magari ya mizigo na wachuuzi, wanafunzi na mahujaji, hushuka wengi bila ya kumjua mtu, kama alivyoshuka kijana yule Tunis. Chumba safi, maji yaliyochemshwa, chakula kilichoiva na mtu wa kumpeleka mgonjwa hospitali si mambo yanayohitaji mali ya sultani. Yanahitaji mtu mmoja wa kumwendea mgeni na kumsalimu.